Kumsindikiza Aachaye Tumbako

Mtu akisema, "Leo nimeacha tumbako," watu wa nyumbani humpongeza, kisha kila mmoja huenda zake shambani. Siku ya tatu mtu yule yule hugombana na mkewe kwa ajili ya chumvi ya mboga, huwakaripia watoto, wala usiku halali. Ndipo jirani husema, "Afadhali avute, maana alipokuwa akivuta alikuwa mtu mwema." Naye huvuta. Mambo haya hutokea katika vijiji vyetu vyote, na Kisaki pia. Basi somo letu ni juu ya siku hizo za kwanza, na zaidi lawahusu wale wasiovuta, kwa kuwa mara nyingi kushinda au kushindwa kwa ndugu yao kumo mikononi mwao.

Kwanza yafaa tujue kinachotendeka mwilini. Ndani ya tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na huko huamsha raha. Ubongo ukizoezwa hivyo kila siku kwa miaka mingi hubadilika, hata usiweze kutulia pasipo kupewa. Tena nikotini haikai sana katika damu. Nusu yake huondoka kwa muda wa saa 2 hivi, ndiyo maana mvutaji wa siku nyingi huamka alfajiri akiitafuta kabla hajanawa uso. Mtu huyo akiacha kabisa, taabu huanza siku ile ile. Hupanda, na kwa kawaida hufika kilele katika siku 3 za kwanza. Kisha hupungua kidogo kidogo kwa muda wa majuma 2 hata 4. Taabu zenyewe ni hasira za ghafula, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, kushindwa kukaza fikira, na njaa nyingi. Wengine hufunga choo.

Hapo ndipo penye neno kubwa. Hasira ya siku ya tatu si tabia ya mtu iliyokuwa imefichwa na moshi ikatokea sasa. Ni kama homa, nayo ina siku zake. Mke aliyeambiwa mapema ya kuwa siku ya 2 na ya 3 zitakuwa mbaya, huyasikia maneno makali na kuyaacha yapite. Asiyeambiwa huyaweka moyoni yote. Kwa hiyo yampasa aachaye tumbako awaambie wa nyumbani mwake siku atakayoanza, nao wazihesabu siku pamoja naye. Walakini sisemi ya kwamba tumbako ni udhuru wa kumpiga mke au mtoto. Mtu akiona hasira yapanda, na atoke nje, atembee mpaka kisimani na kurudi.

Tena tamaa yenyewe haiji kama mvua ya masika inyeshayo mchana kutwa. Huja kama mvua ya kupita: hupiga kwa nguvu, na baada ya dakika chache, labda 5, huwa imekwisha, ingawa yaweza kurudi tena. Msaidizi akijua hivyo, kazi yake huwa nyepesi. Hatakiwi kuhubiri, atakiwa kukaa. Akae na mwenzake dakika zile, wazungumze habari za mahindi au za mtoto wa fulani, wanywe maji polepole. Kipande cha muwa chafaa, au karanga, au mswaki wa mti wa kutafuna. Mkono nao una mazoea yake, nao hutafuta kitu cha kushika. Mpeni mahindi ya kupukuchua au kamba ya kusokota.

Sasa niseme juu ya usiku, maana kwa watu wa Kisaki usiku ndio mtihani. Vijiji vile viko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika sehemu ya pori la Selous, na tembo na nguruwe mwitu huja mashambani. Mwenye shamba hukaa katika dungu akilinda mazao, peke yake, gizani, na moto unawaka chini. Wavutaji husema kwamba tumbako hufukuza usingizi na kutia moyo. Kwa kweli ile kiu ya kuvuta imeletwa na tumbako yenyewe, nayo sigara huituliza kwa saa moja au mbili tu, halafu yaamka tena. Lakini ni vigumu kumfundisha mtu jambo hilo usiku wa manane, naye anasikia matawi yakivunjika porini. Basi katika juma la kwanza asiende dunguni peke yake. Ndugu asiyevuta aende naye, au majirani wabadilishane zamu, yeye alinde mchana na wao usiku. Asemaye, "Nakutakia heri," kisha akalala nyumbani, amesaidia kidogo kuliko yule aliyechukua blanketi lake akapanda dunguni.

Pahali pengine pa hatari ni stesheni ya reli ya TAZARA. Gari likichelewa watu hukaa wakingoja, na sigara huuzwa moja moja, hata asiye na fedha ya pakiti hushawishika. Inafaa mtu aende na mwenzake, na mwenye duka la karibu aombwe asimkopeshe. Wako wenye maduka wema watakaokubali. Pombe ni mbaya kuliko stesheni. Wengi walioacha huanguka tena kilabuni, na ningeshauri asikanyage huko mwezi mzima.

Twajua pia nguvu ya utani katika nchi yetu. Mtani aweza kumtupia mwenzake sigara kwa mzaha mbele ya watu, nao wakacheka, na yule akaivuta ili asionekane mnyonge. Lakini mtani huyo huyo ndiye awezaye kumwambia mkubwa neno la kweli asilothubutu mwanawe kulisema. Kwa hiyo mtani na aambiwe habari tangu mwanzo, aingie upande wetu. Vivyo hivyo mjomba, ambaye neno lake ni zito kwa Waluguru wahesabuo ukoo kwa upande wa mama: asimtume mpwa wake kijinga cha moto cha kuwashia kiko, wala dukani kununua sigara. Watoto wengi walianza kuvuta kwa kutumwa hivyo. Na sheria ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbako mtu asiyetimiza miaka 18.

Wako wasemao kwamba tumbako ni desturi ya wazee tangu asili. Mmea huu ulitoka Amerika, ukaja kwetu kwa njia ya bahari. Nazo sigara zilienea sana kwa Vita Kuu ya kwanza, ile iliyopiganwa mpaka Kisaki mnamo Septemba 1916. Askari wa mataifa mengi waligawiwa pamoja na chakula chao, wakarudi makwao na mazoea hayo. Mjini Morogoro majani yake yamesindikwa viwandani kwa miaka mingi, na watu wamepata mshahara humo. Sisemi neno juu ya mshahara wao.

Wengine huacha sigara wakashika ugoro. Huko si kuacha, maana nikotini ni ile ile, na ugoro huweza kuleta saratani ya kinywa.

Mara nyingine aliyeacha hukohoa zaidi kuliko kwanza, kisha husema, "Kuacha kumeniletea ugonjwa." Sivyo. Ndani ya mapafu mna vinyweleo vidogo vilivyolemazwa na moshi; sasa vinaamka na kufagia uchafu. Lakini kikohozi kikizidi majuma 2, au makohozi yakiwa na damu, aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu, ugonjwa uwapatao wavutaji kuliko wengine. Na aliye na huzuni nzito asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika majaribio 100 ya kuacha pasipo msaada wowote, ni 4 tu hivi yafanikiwayo. Hospitalini huweza kupatikana dawa za kusaidia, hasa mijini, nazo zafaa. Lakini mwenzi wa kukaa naye hupatikana hata kijijini. Nayo faida huanza upesi: baada ya siku moja hivi, ile hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi, itokayo pia katika jiko la mkaa, huwa imepungua sana katika damu, na mwaka 1 ukipita, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na tumbako hupungua kwa nusu.

Akivuta moja siku ya 5, msimwambie, "Tulijua." Mwulizeni alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha pale pawekewe mtu. Wengi walioacha hata leo walijaribu mara kadhaa kwanza.

Majuma 2 yakipita, nyumba hutulia na watu huacha kuhesabu. Hapo kumebaki jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni msiba. Matangani wanaume hukesha wakiuzunguka moto, sigara hupita mkono kwa mkono, na kukataa huonekana kama kujitenga na waliofiwa. Kwa hiyo katika matanga ya kwanza akae karibu naye mtu ajuaye habari yake, naye apewe kazi ya kupasua kuni au kuteka maji, na kiti chake kiwekwe upande utokako upepo.