Kungojea Ndege Katika Kisiwa cha Lesvos

Kila mwaka kaskazi inapoanza kulegea, vitwitwi ambao kwa miezi mingi walikuwa wakidonoa matopeni kwetu, katika hori ya Mida na midomo ya Rufiji na kila fungu linaloachwa tupu na maji yakipwa, hupungua kundi baada ya kundi, hata ikifika Mei fungu limebaki na kaa wake na yangeyange wachache. Na aghalabu ya watu hawajishughulishi kuuliza wamekwenda wapi, kwa kuwa wanajua kwamba watarudi. Mimi swali hilo lilinishika nikawafuata, na mahali nilipowakuta kwa raha kuliko pote ni Lesvos, kisiwa cha Ugiriki kilicho kaskazini mashariki ya bahari ya Aegean, karibu na bara ya Uturuki hata usiku mtu huziona taa za ng'ambo. Wenzangu wengi wameniuliza mintarafu ya safari hiyo, wengine kwa mzaha, na haya ndiyo majibu yangu.

Ndege hawana kalenda ya kupangiwa, lakini mtu atakayekwenda kati ya juma la tatu la Aprili na juma la pili la Mei hatatoka patupu. Akitangulia sana atakuta maua tele na wapitaji wachache. Akichelewa atakuta nyasi zimekwisha kukauka na wapitaji wamekwenda zao, wamebaki wenyeji wakilea makinda. Aitazame pia Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara kwa mara huangukia humo humo, maana siku hizo meli na eropleni hujaa Wagiriki wanaorejea vijijini kwao. Mwenye pasipoti ya nchi zetu za Afrika Mashariki aombe viza ya Schengen mapema. Na achukue sweta nzito, kwani sisi watu wa pwani tukisikia Ugiriki hudhani ni joto tupu, ilhali alfajiri ya Aprili kule hutia ganzi vidole mtu asiweze kuzungusha gurudumu la darubini yake.

Kutoka Athens eropleni hufika Mytilini kwa muda usiotimia saa moja. Lakini mwenye nafasi namshauri apande meli ya usiku bandarini Piraeus, asimame sitahani kunapopambazuka, upande wa demani usiopigwa na upepo, apate kuwaona ndege wa bahari wakiyafuata mawimbi na kuyakaribia kwa ncha za mbawa. Mytilini ni mji wa kupendeza kwa mtu wa maduka na kahawa, ila mtazamaji ndege asilale huko. Alale Skala Kallonis, kijiji cha wavuvi kilicho kichwani mwa ghuba ya Kalloni, kiasi cha kilomita 40 kwa njia ya vilima na mizeituni, kwa sababu pale mashamba ya chumvi, mto Tsiknias, mabwawa ya matete na malisho ya kondoo vyote vimekusanyika mahali pamoja. Akodi gari dogo. Basi zipo, lakini haziendi kwa saa za ndege.

Sasa nifike kwenye kiini cha shauri langu, nalo ni kwamba mtu asiwakimbilie ndege. Asubuhi jua likichomoza asimamishe gari ukingoni mwa njia ipitayo kando ya mashamba ya chumvi, azime mashine, ateremshe kioo, abaki ndani. Maana ndege huogopa umbo la binadamu lakini gari hawalijali, na baada ya robo saa vitwitwi waliokuwa mbali watakuja wakidonoa hata kufika mita chache tu na mlango. Hapo ndipo mtu wa kwetu atakaposhangaa. Yule kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye katika hori zetu ni kiumbe wa kijivujivu asiyetazamwa mara ya pili, huku ameiva kifua na tumbo rangi ya matofali, na kila unyoya wa mgongo wake una kiini cheusi na ukingo wa hudhurungi, kama bwana arusi aliyevishwa joho kabla ya kutoka. Naye bado ana safari ya kwenda kutaga katika ncha ya kaskazini ya Siberia. Kadhalika wale ndege wadogo wa manjano wenye kutikisa mkia, ambao kwetu hufuata kwato za ng'ombe, huonekana hapa nyuma ya kondoo, na madume wa jinsi ya huko wana vichwa vyeusi ti. Wako pia membe wa maziwa yetu, waliokuwa weupe wa kufifia, sasa mwili ni mweusi na mbawa nyeupe. Heroe nao wamo kwa mamia, na wageni huwapiga picha kwa pupa. Mimi huwaacha, maana heroe tunao.

Maji haya ya ghuba yamewahi kutazamwa na mtu mwenye macho makali kuliko sisi sote. Katikati ya karne ya 4 kabla ya Kristo mwanafalsafa Aristotle alikaa kisiwani, na mwanafunzi na sahibu yake Theophrastus alikuwa mzaliwa wa Eresos, upande wa magharibi. Na Aristotle katika maandiko yake juu ya wanyama mara nyingi huitaja ghuba hii kwa jina lake la kale, Pyrrha. Alijua kwamba korongo husafiri kutoka nyika za kaskazini hata vinamasi vilivyo juu ya Misri, kule yatokako maji ya Nile, jambo la ajabu kwa mtu ambaye hakupata kufika huko. Juu ya mbayuwayu, hata hivyo, aliandika kwamba baadhi yao hawahami, bali hujificha mashimoni wakati wa baridi hali wamenyonyoka manyoya. Nafikiri angalipata mvuvi mmoja tu wa pwani yetu wa kumuuliza, angaliifuta sentensi hiyo.

Mtalii wa kawaida huomba jua. Mtazamaji ndege na aombe mvua. Usiku wa anga safi wenye upepo wa kusini, wasafiri hupita juu kwa juu wala hawatui, na asubuhi vichaka huwa vitupu. Ila wakikutana na mawingu na upepo wa mbele hulazimika kushuka, na baada ya usiku wa namna hiyo nimeiona mitini ya kando ya mto imejaa mbwigu na kubwiro waliochoka hata hawaruki mtu akipita. Siku kama hiyo mtu ashukuru, lakini asiwakurupushe kwa ajili ya picha, kwani wanachokitafuta ni chakula na pumzi.

Siku tulivu moja itengwe kwa misonobari ya Achladeri, kusini mashariki ya ghuba, akaapo ndege mmoja ambaye katika Ugiriki yote hapatikani ila kisiwani hapa, akiitwa kwa jina la Krüper, mtaalamu Mjerumani wa karne ya 19. Ni mdogo, wa kijivu, ana paji jeusi na doa la rangi ya kutu kifuani, na huteremka shinani kichwa chini bila kujali. Hutoboa tundu katika kisiki cha msonobari uliokufa. Basi mtu atafute visiki vilivyooza, asimame mbali, angoje. Siku nyingine aende magharibi, nchi kavu ya mawe, hata monasteri ya Ipsilou iliyo juu ya jabali. Hapo juu avae nguo za heshima. Karibu na Sigri iko miti iliyogeuka mawe tangu milipuko ya volkano ya miaka kiasi cha milioni 20 iliyopita. Mimi huitazama upesi, kisha hurudi kumngojea kozi wa Eleonora, ambaye hutoka Madagaska na hukawia kutaga hata mwisho wa kiangazi, ili makinda wake waanguliwe wakati ndege wadogo wanaporejea kusini, apate kuwalisha hao.

Adabu ni chache: usikanyage mazao, usizibe njia nyembamba kwa gari, lango la malisho ulilolikuta limefungwa ulifunge. Jioni Skala Kallonis watazamaji hukusanyika mkahawani mbele ya sahani za dagaa wa ghuba, ambao nawasifu, na kupashana habari. Wengi watakusomea orodha ndefu za walichokiona. Wasikilize kwa taadhima, kisha uwaulize ni katika shamba gani la chumvi maji yamepungua leo, maana huko ndiko vitwitwi watakakokuwa kesho.