MITAMBO YA MWITO KWA REDIO: JINSI YA KUIPANGA IKIWA NA CHANELI NYINGI

Wahenga walisema, La mgambo likilia lina jambo. Zamani mkubwa wa mji alipotaka kuwakusanya watu upesi alipigisha baragumu, na kila aliyesikia aliacha jembe lake akaenda. Walakini baragumu lina kasoro mbili: halisikiki mbali, tena humwita kila mtu, hata asiyehitajiwa. Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtambo uliokuja kuziondoa kasoro hizo, nao ni mtambo wa mwito kwa redio. Anayeitwa huchukua mfukoni kijisanduku kidogo kiitwacho peja; mwito ukirushwa hewani, peja yake peke yake hulia, na maneno machache huonekana juu ya kioo chake.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1949 Al Gross wa Marekani alibuni chombo cha kumwita mtu kwa redio, na mwaka 1956 hospitali ya St Thomas' ya London ilianza kuwaita waganga wake kwa njia hiyo. Baadaye simu za mkononi zilichukua mahali pa peja katika nchi nyingi, na huko Ujapani kampuni ya mwisho iliyouza huduma hiyo kwa watu wote ilifunga mitambo yake mwezi wa Septemba 2019. Hata hivyo peja haijafa. Wazima moto wengi wa Ujerumani na wa Uholanzi huitwa kwa peja, na mabaharia wa mashua za kuokoa za chama cha RNLI cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1824, nao ni hivyo hivyo. Mabaharia hao aghalabu ni watu wa kujitolea: huyu seremala, yule mwenye duka, yule mwalimu. Peja ikilia, kila mmoja huacha kazi yake akakimbilia pwani, kwa maana baharini yuko mtu anayezama.

Basi msomaji ataona kwamba fundi apangaye mitambo hii amebeba roho za watu. Akikosea namba moja, mwito hutoka vizuri, mnara hurusha vizuri, lakini peja ya baharia hukaa kimya, wala hapana mtu atakayejua mpaka wakati umekwisha kupita.

1. MWITO UNAVYOSAFIRI

Hapana budi kwanza kujua namna mwito unavyofungwa, kama vile karani wa posta ajuavyo kufunga mfuko wa barua. Lugha itumiwayo sana na mitambo hii huitwa POCSAG. Ilitungwa Uingereza katika miaka ya 1970 kwa shauri la idara ya posta ya huko, na mwaka 1982 ilikubaliwa kuwa kanuni ya mataifa.

Katika lugha hiyo kila kitu huandikwa kwa alama mbili tu, sifuri na moja, na kila alama huitwa biti. Mtambo hurusha alama hizo kwa kuyasogeza masafa yake kidogo: kwa sifuri hupanda kilohezi 4.5, na kwa moja hushuka kilohezi 4.5. Kasi zake ni tatu: biti 512, 1200, au 2400 kwa sekunde.

Mwito huanza na utangulizi wa biti 576, moja na sifuri zikipokezana. Kazi ya utangulizi ni kuziamsha peja, kwa sababu peja hulala na kuamka mara kwa mara ili betri isiishe upesi. Baada ya utangulizi huja neno la kupatanisha saa, kisha hufuata vyumba vinane, kuanzia chumba 0 hata chumba 7, na kila chumba kina maneno mawili ya biti 32. Neno la kupatanisha pamoja na vyumba vyake vinane hufanya kundi moja la biti 544. Katika kila neno zimo biti 10 za kukagua makosa na moja ya kulinganisha hesabu, hata mngurumo wa radi ukiharibu biti moja au mbili, peja yaweza kuzisahihisha.

Kila peja husikiliza chumba chake tu, kama vile mtu ajuaye sanduku lake la posta asivyohangaika na masanduku ya wenziwe. Chumba chenyewe hujulikana kwa namba ya peja. Gawanya namba hiyo kwa 8; kinachobaki ndicho chumba. Mathalani peja namba 1234567: ukigawanya kwa 8 hupata 154320, na hubaki 7. Basi peja hiyo husikiliza chumba 7.

2. KWA NINI CHANELI NYINGI

Chaneli moja ni kama njia moja ya miguu: wawili hawapiti kwa mara moja bila kugongana. Maneno ya herufi 40 huhitaji maneno 14 ya biti, na la 15 ni la namba ya anayeitwa. Pamoja na utangulizi, mwito huo ukichukua makundi mawili, kwa kasi ya biti 1200 hupita katika muda wa sekunde 1.4 hivi, lakini kwa kasi ya biti 512 huchukua sekunde 3.25. Mwito mmoja si kitu. Walakini siku ya ajali kubwa, miito mia ikifuatana, mganga wa mwisho hungoja dakika kadhaa.

Kwa hiyo wapangaji hutenga chaneli. Ya kwanza huwa ya hatari, wala haipewi kazi nyingine yoyote. Ya pili huwa ya kazi za kila siku, kama kumwita fundi wa taa au mpishi wa hospitali. Pengine hutengwa ya tatu kwa ajili ya upande wa nchi usiofikiwa na mnara wa kwanza.

Iko njia nyingine pia, nayo ni kugawana wakati badala ya masafa. Mafundi wa redio wa kujifurahisha wana mtandao uitwao DAPNET, ulioanzia katika chuo cha RWTH Aachen huko Ujerumani. Minara yao hutumia masafa mamoja, megahezi 439.9875, lakini wakati umegawanywa katika zamu 16, kila zamu sekunde 6.4. Mnara hurusha katika zamu zake na kunyamaza katika zamu za jirani. Njia hii ni rahisi, tena ni nzuri kwa asiye na haraka. Lakini duru nzima ni sekunde 102.4, na mtu anayezama hawezi kungoja zamu.

3. KUPANGA MTAMBO WA KURUSHA

Mtu asiguse mtambo kabla hajapata ruhusa ya serikali. Katika Tanzania mwenye kugawa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iitwayo TCRA, na katika Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Akiisha kupata ruhusa, na afuate mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, aweke masafa ya kila chaneli kama yalivyoandikwa katika ruhusa, ayapime kwa chombo cha kupimia masafa, wala asitegemee maandishi ya kibandiko.

Pili, biti zisipitishwe katika tundu la kipaza sauti. Njia ile imetengenezwa kwa sauti ya binadamu, nayo huzipindua na kuzikwaruza biti. Zipitishwe katika tundu lililowekwa kwa ajili yake, na msogeo wa masafa upimwe uwe kilohezi 4.5, usizidi wala usipungue.

Tatu, aangalie upande wa alama. Sifuri ikishuka badala ya kupanda, kila neno hugeuka kinyume, na peja zote hunyamaza ijapokuwa mtambo unarusha kwa nguvu zote.

Nne, aweke subira. Mtambo ukiwashwa huchukua muda mdogo kabla haujafika nguvu yake kamili. Biti zikianza kabla ya hapo, utangulizi hukatwa kichwa, na peja iliyokuwa usingizini huenda isiamke. Kompyuta na ingoje kidogo kwanza, ndipo itoe biti.

Tano, apime nguvu iendayo katika erio na nguvu inayorudi. Kama zimekwenda wati 100 na zikarudi zaidi ya 4, waya au erio ina kasoro, na itafutwe. Tena waya mrefu mwembamba waweza kumeza nusu ya nguvu kabla haijafika juu ya mnara. Wakati wa majaribio nguvu yote ipelekwe katika mzigo wa bandia, isije ikasumbua watu hewani.

Sita, chaneli mbili zikiwa juu ya mnara mmoja, ajihadhari na mchanganyiko wa masafa. Tuseme ya kwanza ni megahezi 153.025 na ya pili ni 153.075. Mitambo ikiingiliana huzaa masafa ya haramu. Ongeza maradufu ya pili, kisha toa ya kwanza, utapata 153.125, ongeza maradufu ya kwanza, kisha toa ya pili, utapata 152.975. Ikiwa polisi au wazima moto wanatumia masafa hayo, umewaziba masikio. Dawa yake ni kuweka mitungi ya kuchujia mawimbi, pamoja na kifaa kinachoruhusu nguvu kwenda upande mmoja tu, na kuzitenga erio mbalimbali.

4. MINARA MIWILI YENYE MASAFA MAMOJA

Mara nyingi mnara mmoja hautoshi kwa sababu ya milima. Hapo minara miwili au mitatu hurusha mwito ule ule, kwa masafa yale yale, kwa wakati ule ule. Ni kama waimbaji wawili wa wimbo mmoja: wakipatana, sauti huongezeka, wakipishana, hapana anayesikia neno.

Kanuni ya mafundi ni kwamba tofauti ya wakati isizidi robo ya biti pale mawimbi ya minara miwili yanapokutana. Kwa kasi ya biti 1200, robo ya biti ni sehemu 208 za milioni za sekunde, na katika muda huo mawimbi husafiri kadiri ya kilomita 62. Kwa kasi ya biti 2400 muda huo hupungua nusu, na masafara ni kilomita 31 tu. Kwa hiyo apendaye haraka ajue kwamba anajipunguzia nafasi ya kukosea.

Kuchelewa kwingi hakutoki hewani, bali katika waya au njia ya kuipelekea minara habari. Mnara uliopata habari mapema hucheleweshwa kwa makusudi ili umngoje mwenziwe, na saa zao zote hupatanishwa kwa setilaiti za GPS. Tena masafa ya minara hutofautishwa kwa mamia machache ya hezi, ili pale mawimbi yanapouana pasikae mahali pamoja daima.

5. KUITIA PEJA NAMBA

Peja nayo lazima ipangwe: chaneli yake, kasi yake, upande wa alama, na namba yake. Yafaa kila peja iwe na namba mbili, moja ya mtu mwenyewe na moja ya kikosi kizima, ili mwito mmoja uwaamshe wote. Kila namba yaweza kuwa na milio minne. Mlio wa hatari usifanane na mlio wa chakula.

Namba zote ziandikwe katika daftari pamoja na jina la kazi ya mwenye peja na chumba chake. Mtu akihama, namba yake ifutwe siku ile ile.

6. TAHADHARI

Tarehe 19 Mei 1998 setilaiti iitwayo Galaxy IV iliharibika kompyuta yake ya kuielekeza, na ile ya akiba nayo haikufanya kazi. Zaidi ya asilimia 80 ya peja za Marekani zikanyamaza kwa mara moja, na hospitali zikahangaika kuwatafuta waganga wao. Minara ilikuwa mizima, na peja zilikuwa nzima. Kilichokatika ni ile kamba moja iliyoziunganisha. Basi kila chaneli ya hatari iwe na njia mbili za kufikiwa, betri zake na jenereta yake, na kila siku kwa saa maalumu urushwe mwito wa kujaribu. Mwenye peja asiyeupata mwito huo atajua mara moja kwamba kuna kasoro, wala hatangoja siku ya msiba kuigundua.

Jambo la mwisho ni siri. Mwito wa POCSAG haukufungwa kwa kufuli. Mwenye redio na kompyuta ndogo aweza kuusoma. Kwa hiyo andika, “Njoo chumba cha upasuaji,” wala usiandike jina la mgonjwa na ugonjwa wake.

MASWALI

Wasomaji wetu, hasa vijana walio shuleni, na wajaribu maswali haya bila kutazama juu.

(1) Peja namba 200005 husikiliza chumba gani?
(2) Peja zote za chaneli moja ziko kimya, lakini mtambo unarusha kwa nguvu. Taja mambo mawili ya kukagua.
(3) Kwa nini utangulizi usikatwe?

Majibu: (1) Chumba 5. (2) Upande wa alama, na kipimo cha msogeo wa masafa. Akitaja tundu ambamo biti hupita pia amejibu vyema. (3) Kwa sababu peja iliyolala huamshwa na utangulizi, na isiyoamka haisikii.

Aliyejibu yote barabara amekwisha kupata msingi wa kazi hii. Asiyejibu na arudi kusoma tena pole pole, kwa maana mwito usiofika hauna tofauti na mwito usiopigwa.