SOMO LA WIKI: Kirusi kikidai kikombozi, hesabu za biashara ziokolewe vipi?

Jumatatu ya Mei 9, 2022, Benki Kuu ya Zambia ilivamiwa na kirusi cha kompyuta. Miongoni mwa vilivyoathirika ni tovuti ya benki hiyo na mfumo wake wa kusimamia maduka ya kubadilishia fedha. Kwa wafanyabiashara wa Tunduma, ambako kwacha na shilingi hupishana mikononi kutwa nzima, habari hiyo ilihusu jirani wa ng'ambo ya pili ya mpaka.

Kirusi hicho ni cha aina inayodai kikombozi. Huingia kwa kiambatisho cha barua pepe kutoka kwa mtu asiyejulikana, kwa programu za wizi, au kwa neno la siri lililo rahisi kubahatishwa. Kikishaingia hufunga mafaili kwa ufunguo wa siri, kisha huacha ujumbe kwenye kioo: mwenye mali alipe, au asahau hesabu zake.

Kikundi kilichojiita Hive ndicho kilichodai kuhusika. Benki ilikataa kulipa. Ilieleza kuwa mifumo yake mikuu ilikuwa imelindwa, kwa hiyo haikuona sababu ya kujadiliana na wahalifu.

Hapo ndipo lilipo somo. Uwezo wa kukataa haupatikani siku ya kuvamiwa, huandaliwa kabla. Wakala wa forodha mwenye kompyuta moja, yenye nyaraka za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, hana nguvu hiyo iwapo hana nakala mahali pengine. Kadhalika mnunuzi wa mahindi au kahawa wa Mbozi ambaye orodha ya wadeni wake imo kwenye mashine hiyo tu. Isitoshe, sheria ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kisingizio cha kirusi hakiwezi kujaza pengo la vitabu.

Saa ya kwanza

Dalili zikionekana, yaani mafaili yamebadilika majina na hayafunguki, jambo la kwanza ni kuitenga mashine. Waya wa mtandao uchomolewe, Wi-Fi izimwe, na kompyuta nyingine za ofisi zitengwe pia, kwani kirusi husafiri kutoka mashine moja hadi nyingine. Ikishindikana kuitenga, izimwe. Flashi au diski ya nje yenye nakala isichomekwe kwa pupa; nayo itafungwa.

Pili, ujumbe wa wahalifu upigwe picha kwa simu, na saa ya tukio iandikwe. Huo ni ushahidi.

Tatu, maneno ya siri ya benki na ya barua pepe yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, na benki ijulishwe. Wakati huo kazi iendelee kwa karatasi na kitabu cha stakabadhi.

Nne, taarifa itolewe polisi, kwa kuwa kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hupokea taarifa za matukio ya namna hii. Iwapo taarifa binafsi za wateja zimeguswa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka Tume husika iarifiwe.

Kulipa au kutolipa?

Anayelipa hununua ahadi ya mwizi. Huenda ufunguo usije, au uje ukiwa mbovu, na mlipaji hujulikana kuwa ni mtu anayelipa.

Lakini asiyelipa naye asiharakishe kufuta kila kitu. Januari 26, 2023, serikali ya Marekani ilitangaza kuwa FBI ilikuwa imejipenyeza ndani ya mitandao ya Hive tangu Julai 2022. Funguo zaidi ya 300 walipewa waliokuwa wakishambuliwa wakati huo, na nyingine zaidi ya 1,000 wakapewa walioshambuliwa zamani. Aliyekuwa ametupa diski yake hakubaki na kitu cha kufungulia.

Kwa hiyo diski iliyofungwa itolewe na ihifadhiwe kabatini, na mashine iwekewe diski mpya na programu halali. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo zilizopatikana. Si kila kirusi kina ufunguo wake humo, lakini kutazama hakugharimu chochote.

Bima ya bei nafuu

Kinga iliyo ndani ya uwezo wa duka dogo ni diski mbili za nje. Kila Ijumaa hesabu zikifungwa, nakala iwekwe kwenye diski moja, ichomolewe, ipelekwe nyumbani. Wiki inayofuata itumike ya pili. Mara moja kwa mwezi faili moja lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha nakala inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni sawa na hundi ambayo haijapelekwa benki.