Nian gao: keki ya mwaka mpya isiyotaka haraka

Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Katika nyumba nyingi za Guangdong na Fujian, kusini mwa China, keki iitwayo nian gao hupikwa siku kadhaa kabla. Haihitaji oveni, mayai wala hamira. Unahitaji unga, sukari, maji na sufuria yenye mvuke, pamoja na subira, maana keki hii haikatwi siku ile ile.

Kwenye unga usibahatishe. Unatakiwa unga wa mchele wa kunata, unaouzwa katika maduka ya vyakula vya Asia. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua, hautakupa ule mvuto wa nian gao hata uupike kutwa. Sukari ndiyo rahisi: Wakantoni hutumia vipande bapa vya sukari ya kahawia ya miwa, na sukari guru yetu inashika nafasi hiyo vizuri kabisa. Mimi hata naipenda zaidi, kwa ule ukali wake kidogo.

Chukua gramu 500 za unga, gramu 400 za sukari guru na nusu lita ya maji. Yeyusha sukari katika maji motoni, kisha ichuje, kwa kuwa sukari guru haikosi takataka. Iache ipoe mpaka iwe vuguvugu. Ukiimimina ya moto, unga utaiva papo hapo na kuingia madonge. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, halafu pitisha mchanganyiko wote kwenye chujio. Uwe laini na mzito, wa kumiminika polepole.

Chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20 kinatosha. Kipake mafuta, au kitandikie jani la mgomba ulilolibabua juu ya moto likalegea. Wachina wa Malaysia nao hupikia katika majani hayo, na harufu yake huingia ndani ya keki. Wao huiacha kwenye mvuke kwa saa nyingi, mara nyingine zaidi ya 8, mpaka sukari igeuke rangi ya kahawia iliyokolea.

Wewe anza na saa moja na nusu, moto wa wastani. Funga mfuniko kwa kitambaa safi ili matone yasidondokee keki, na hakikisha ncha zake haziufikii moto. Maji yakipungua, ongeza yaliyochemka, si ya baridi. Kuipima, choma katikati kwa kijiti: kitatoka kinanata, na hiyo si dalili ya ubichi. Ubichi ni ule weupe wa unga. Ukiuona, rudisha mfuniko. Ikiiva, weka tende nyekundu ya Kichina katikati kama pambo.

Sasa iache. Ikiwa moto itakung'ang'ania kisuni na vidoleni. Inaponata hivyo ndipo inapofaa kwa Zao Jun, mungu wa jiko, ambaye kwa imani ya kale hupanda mbinguni wiki moja hivi kabla ya mwaka mpya kueleza mwenendo wa kila nyumba. Hupewa vitamu vya kunata ili mdomo ugande, au walau aseme mazuri tu.

Ikishalala usiku mzima huwa ngumu, na hapo ndipo hukatika. Paka kisu mafuta, kata vipande vya unene wa nusu sentimita, chovya katika yai lililopigwa, kaanga kwa moto mdogo mpaka ndani kulegee tena. Ukiila baridi utailaumu bure. Malaysia huibana kati ya kipande cha kiazi kitamu na cha jimbi, wakaichovya kwenye uji wa unga na kuikaanga katika mafuta mengi. Nionavyo, huo ndio mwisho wake bora.

Usiitafute ladha hii Shanghai, ambako nian gao huwa nyeupe, haina sukari, na hukaangwa na mboga na nyama kama chakula cha kawaida.

Iliyobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji. Ukiona ukungu, itupe. Na kwa kuwa inanata kooni, wazee na watoto wakatie vipande vidogo sana, nao watafune taratibu.