Shangazi, nawalilia watu wasiokuwepo

*SHANGAZI, nina miaka 23, naishi Kikwe. Nilimaliza kidato cha sita, sasa nalima na mama na siku za soko nauza nyanya Tengeru. Napenda riwaya za nchi na safari za kubuni. Niliposoma* Kusadikika *nililia kila mjumbe alipotupwa gerezani. Kisha nikaazima* Nagona*. Nimeisoma mara mbili, sikuielewa, lakini usiku niliota niko mahali pasipo na mtu, nikaamka natetemeka. Mama anasema vitabu hivyo vinafungulia mapepo mlango. Kaka anasema kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa ni kupungukiwa akili. Babu hasemi kitu, ananitazama tu. Naona aibu. Niviache?*

*Msomaji, Kikwe*

Mwanangu, usiviache, na aibu iweke chini.

Nianze na hao wajumbe wako. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, alichapisha *Kusadikika* mwaka 1951. Ni nchi inayoelea hewani, na Karama anasimama mahakamani kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya wenzao, wakarudi na kuishia kifungoni.

Sasa toka nje utazame mlima. Mwaka huohuo wa 1951, mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini wa Meru, serikali iliwaondoa Wameru Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma mjumbe wao, Kirilo Japhet, hadi Umoja wa Mataifa, New York. Alisikilizwa, lakini hakurudi na ardhi.

Kitabu kilikuwa kimeshaandikwa kabla Kirilo hajasafiri. Shaaban hakumwandika yeye, ila aliijua hali ya mjumbe wa wanyonge, akaiweka angani mahali ambapo karani wa Mwingereza angeweza kuisema. Machozi yako yalimfikia mtu wa kweli kwa njia ya mtu wa kubuni.

Kaka yako mtafutie *Walenisi* ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995. Humo Dzombo anahukumiwa, anarushwa angani kwa chombo, anafika sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Mwombe kaka alikate jina hilo vipande: wale ni sisi. Hilo ndilo jibu lake.

Mama usibishane naye. Hofu yake inatoka kwenye mapenzi, maana amekuona ukitetemeka. Mwambie uliyoyaota, na *Nagona* isome mchana, nje, watu wakiwa karibu. Ndoto zikikusumbua tena, kifunge kitabu mwezi mzima, hakitakimbia. Euphrase Kezilahabi, yule mwana wa Ukerewe aliyetutoka Januari 2020, alianza na *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya ya watu tunaowafahamu majumbani mwetu. Alipofika *Nagona* aliiacha njia iliyonyooka kwa makusudi. Unasema hukuielewa, lakini umeota uko peke yako mahali patupu. Mwanangu, hapo uliielewa sehemu kubwa. Msimulizi wake naye amepotea, anatafuta. Chukua daftari, kila ukifunga kitabu andika mistari mitatu: nimeona nini, nimeogopa nini, nimekumbuka nani. Ukirudi kukisoma tena, anza na daftari lako.

Nimembakiza babu makusudi. Simjui, lakini kama ana umri ninaoukadiria, mwaka ule wa 1951 alikuwa mtoto au kijana. Huenda kimya chake kina habari ndani yake. Jioni moja, kazi zikiisha, kaa karibu naye umsomee kurasa za mjumbe mmoja tu, taratibu, kwa sauti. Kisha muulize alikuwa wapi watu walipoondolewa Ngare Nanyuki. Usimharakishe. Asipotaka kusema, msomee mjumbe wa pili.

Na ukifika mahali pa kulia, lia. Halafu inua macho umtazame na yeye.

Shangazi yako