SOMO LA USHIRIKA: SAMPULI YA KWELI YA MAJI YA ARDHINI

Mtambo wa kumenya kahawa mbivu hutoa maji machafu mengi yenye sukari na uchachu. Maji hayo yakimwagwa katika mashimo, huweza kunywea ardhini na kuyafikia maji ambayo wanachama huyateka visimani. Kwa hiyo huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi: kimoja upande ambako maji ya ardhini yanatoka kabla ya kufika kwenye mashimo, na vingine upande yanakoelekea. Tofauti kati ya visima hivyo ndiyo ionyeshayo kama mashimo yanachafua maji.

Lakini maabara hupima kile tu kilichomo ndani ya chupa. Sampuli ikiwa mbovu, Kamati yaweza kutumia fedha za wanachama kuhamisha mashimo yasiyo na kosa, au kuwaacha watu wakinywa maji yaliyoharibika.

Maji yaliyosimama

Maji yaliyokaa ndani ya bomba la kisima kwa majuma mengi si sawa na yale yanayopita ardhini. Yamekutana na hewa, joto lake limebadilika, na kama bomba ni la chuma, yamechanganyika na kutu. Madini ya chuma yaliyokuwa yameyeyuka yanapokutana na hewa hugeuka kutu na kutuama. Kwa hiyo ni lazima maji hayo yatolewe kwanza, ili maji mapya yaingie kutoka ardhini.

Hatua za kufuata

1. Mchukuaji apime kwanza umbali kutoka mdomo wa kisima hadi usawa wa maji, kabla ya kuyagusa maji, kisha auandike.

2. Akadirie maji yaliyomo. Tuseme kisima kina kina cha mita 30 na bomba lenye kipenyo cha sentimita 10, na maji yako mita 18 chini ya mdomo. Maji yamesimama kwa mita 12, ambayo ni karibu lita 94. Desturi ni kutoa kiasi hicho mara tatu au zaidi: karibu lita 280, yaani ndoo 14 za lita 20. Maji hayo yamwagwe mbali na kisima.

3. Wakati wa kutoa maji, apime mara kwa mara joto, uchachu, na uwezo wa maji kupitisha umeme. Vipimo vikiacha kubadilika, ni dalili kwamba maji ya ardhini yameingia. Kisima dhaifu kinachokauka kiachwe kijae tena, na sampuli ichukuliwe mara maji yanapotosha.

4. Chombo cha kuchotea kishushwe taratibu bila kutibua maji, na kamba isiguse udongo. Kianze kutumika kisima cha upande wa juu, kisha vya upande wa chini, na kioshwe vizuri kati ya kisima na kisima.

5. Chupa zitoke maabara. Chupa iliyotiwa dawa isisuzwe. Maji ya kupima chuma kilichoyeyuka yachujwe pale pale kabla ya kutiwa dawa. Chupa ya kupima vijidudu iwe imetakaswa, na mkono usiguse ndani yake wala kifuniko.

6. Kila chupa iandikwe papo hapo jina la kisima, tarehe, saa na jina la mchukuaji. Chupa ziwekwe kwenye sanduku lenye barafu na kupelekwa maabara upesi, hasa za vijidudu.

Wajibu wa Katibu

Katibu atunze daftari la visima: usawa wa maji, kiasi kilichotolewa, na vipimo vyote. Majibu ya maabara yakirudi, yasomwe pamoja na daftari hilo mbele ya mkutano. Jibu lisilo na kumbukumbu ya jinsi sampuli ilivyochukuliwa lisitumiwe kuamua matumizi ya fedha za chama.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kisima cha upande wa chini pekee hakitoshi?

2. Kisima chenye bomba la sentimita 10 kina kina cha mita 25, na maji yako mita 19 chini ya mdomo. Zitolewe ndoo ngapi kabla ya kujaza chupa?

3. Ni nani katika chama atakayekabidhiwa kazi hii, na nani atakagua daftari lake?