Kijitabu cha Mtumishi na Simulizi ya Kogelo: Usomaji wa Nyaraka za Nasaba ya Hussein Onyango Obama

Makala haya yanachunguza namna maisha ya mhenga mmoja wa mwambao wa Ziwa Viktoria, Hussein Onyango Obama, yalivyohifadhiwa katika matini za aina mbili: kijitabu cha usajili kilichoandikwa na waajiri wake, na masimulizi ya jamaa zake. Hoja inayotetewa ni kwamba matini hizi mbili hazina budi kusomwa kwa jicho lile lile la uhakiki. Aghalabu watafiti wa nasaba huichukua karatasi kuwa ushahidi na simulizi kuwa pambo tu, ilhali karatasi nayo ina mtunzi, ina hadhira, na ina nia.

Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017, anasimulia katika kitabu chake Dreams from My Father (1995) jinsi alivyooneshwa kijitabu hicho nyumbani kwa Sarah Onyango, huko Alego Kogelo, katika kaunti ya leo ya Siaya. Kilikuwa na ukubwa wa pasipoti, nacho kilitolewa chini ya sheria ya 1928 ya usajili wa watumishi wa nyumbani. Kisichanganywe na kipande cha kawaida, kilichotokana na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kipande hicho, chenye alama za vidole, kilibebwa na wanaume Waafrika katika kibati kilichoning'inizwa shingoni. Jina lake halijafa: hadi leo wapo Wakenya wanaokiita kitambulisho cha taifa kipande, pengine bila kukumbuka kile kibati.

Kijitabu cha mtumishi kilikwenda mbali zaidi. Kilimweleza mwenyewe kimo, rangi, pua, mdomo, nywele na meno, kisha kikaacha kurasa kwa waajiri waandike maoni yao. Mwajiri mmoja, afisa wa Ikulu ya Nairobi, alisifu bidii ya Onyango. Mwingine alisifu upishi wake. Wa tatu alisema hastahili kulipwa shilingi 60 kwa mwezi. Onyango alitajwa humo kuwa na umri wa miaka 35, mtu mzima kabisa, lakini kazi yake iliitwa kazi ya boi. Neno hilo limeingia katika Kiswahili na kuzoeleka mno hata tumesahau kwamba asili yake ni mtoto wa kiume.

Kipengele kinachostahili kutuliwa zaidi ni kile cha meno. Karani aliandika kwamba sita hayapo. Kwa macho ya ofisi, hiyo ni dosari ya mwili inayosaidia kumtambua mtu akitoroka kazini. Hata hivyo, yeyote anayezijua mila za Wajaluo ataikumbuka nak, desturi ya kung'oa meno sita ya mbele ya chini, iliyomtoa kijana utotoni na kumwingiza katika utu uzima. Yamkini, basi, ukurasa ule ule unaomwita boi unabeba pia, bila karani kujua, cheti cha utu uzima wake. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapokuwa na faida kuliko mkusanyaji wa tarehe, kwa kuwa amezoea kuuliza ishara inamaanisha nini kwa nani.

Mahali pa makazi pameandikwa Kisumu. Kwa hakika Onyango alikuwa na asili ya Kendu, upande wa kusini wa ghuba, na baadaye akahamia Alego. Kisumu ulikuwa mji wa serikali, na kwa karani yeyote wa Nairobi ungeweza kusimama badala ya mwambao mzima. Mtafiti atakutana na matatizo mengi ya aina hii. Reli ilipofika mwishoni mwa 1901, Kisumu iliitwa Port Florence, nayo isidhaniwe kuwa ni Port Victoria, iliyoko Bunyala katika kaunti ya Busia. Kabla ya 1902 eneo hilo lilitawaliwa kama sehemu ya Uganda, na Wajaluo wenyewe waliandikwa kwa jina la Kavirondo. Majina ya watu nayo ni mtihani. Onyango ni aliyezaliwa asubuhi jua likipanda, kama vile Otieno ni wa usiku na Okoth ni wa mvua. Kumtafuta Onyango katika orodha za Nyanza ni sawa na kumtafuta Juma pwani. Isitoshe, huyu alibatizwa kwa muda mfupi kwa jina la Johnson, kisha akasilimu na kuitwa Hussein. Hata mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa tofauti: 1895 kwa baadhi ya waandishi, 1870 kwa wengine.

Simulizi ya Sarah inajaza mapengo haya. Inaanzia mbali na kushuka baba kwa mwana hadi Opiyo, Obama na Onyango mwenyewe, kama zifanyavyo nasaba nyingi za fasihi simulizi. Lakini Sarah, aliyefariki Machi 2021, alikuwa mke wa tatu. Bibi mzaa baba, Habiba Akumu, ndiye aliyeuhama mji ule na kurudi kwao Kendu. Kisa cha ukali wa Onyango kwa hiyo kinasimuliwa na aliyebaki, si aliyeondoka. Tena kilisemwa kwa Dholuo, kikafasiriwa na Auma Obama, kikaandikwa kwa Kiingereza.

Utata mkubwa unahusu kuzuiliwa kwa Onyango na Waingereza, jambo linalohusishwa na mwaka 1949. Katika kitabu cha 1995 muda unaotajwa ni zaidi ya miezi sita. Mwaka 2008 Sarah aliliambia gazeti moja la Uingereza kuwa ni miaka miwili, tena yenye mateso. David Maraniss, katika wasifu aliouchapisha 2012, alilitilia shaka tukio lenyewe. Shaka hiyo ni halali, ila ukosefu wa faili nchini Kenya hautoshi kuithibitisha. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilificha maelfu ya mafaili ya makoloni huko Hanslope Park. Mengine yalikuwa yameteketezwa kabla ya uhuru.

Pamoja na kijitabu hicho, Sarah alihifadhi barua ambazo Barack Obama Mkubwa, mwana wa Onyango, aliviandikia vyuo vikuu vya Marekani akiomba nafasi ya masomo, kabla ya kuondoka mwaka 1959. Barua zake nyingine zimehifadhiwa katika Kituo cha Schomburg, Harlem, na habari zake zilichapishwa 2016. Baba alielezwa na wengine, meno yake yakihesabiwa. Mwana alijieleza mwenyewe na kutia sahihi.